Kumbatia Kwanza, Ndipo Utume

Amekufa kitandani mwake, baada ya sala ya alfajiri, mkewe akimwandalia uji. Nawaambia mapema namna alivyokufa, wasomaji wangu, kwa sababu nyote mliowahi kupeleka mzigo katika ile ofisi yake ya Ukunda mtashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Mtu yule alikuwa na ulimi wa shubiri na mkono mwepesi wa kupiga, na kila aliyemjua alidhani kifo chake kitakuwa cha panga, au cha jiwe la mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe zake. Habari iliponifikia, swali langu la kwanza halikuwa amekufa lini, bali nani amemuua. Aliyeniletea habari akacheka, kisha akaona haya kwa kucheka, tukasema inna lillahi kwa pamoja. Jina lake silitaji. Safu hii haina desturi ya kutaja majina, na hata hapo mjini watu hawakumwita kwa jina. Alikuwa Karani, basi, kana kwamba Pwani nzima haina karani mwingine.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati pembeni mwa kituo cha mabasi, kikinuka nazi, petroli na samaki mkavu. Mizigo ya Mombasa, ya Malindi na ya Voi ilipitia mikononi mwake, nami nasema mikononi kwa mazoea tu, maana mkono wake wa kushoto ulikomea kwenye kiwiko. Kigutu hicho alikifunga kitambaa cheupe kila asubuhi. Na alikuwa na sharti lililomfanya ajulikane kutoka Shimoni hadi Likoni: mzigo wowote ulio mrefu, au uliofungwa usionekane ndani, hakuupokea mpaka mwenyewe aukumbatie mbele yake. "Ubane kifuani," angesema, "nami niugonge kwa nje. Ukifumba macho, rudi nao kwenu." Alikuwa na rungu dogo kwa kazi hiyo, na aliligonga kwa nguvu. Nimewaona wanaume wazima wakihema, wamekumbatia vyuma vya vitanda. Kijana mmoja wa bara, mfanyakazi wa hoteli, alimlalamikia: "Buda, hii ni TV tu, nitaikumbatia aje?" Karani akamjibu, "Utaikumbatia kama utakavyomkumbatia mkeo, mwanangu, ukipata wa kukukubali." Bibi mmoja wa Bodo alileta mchi wa kinu anaompelekea binti yake. Alipoambiwa aukumbatie, aliukumbatia kweli, akaanza kuuchezea chakacha pale kaunta huku foleni nzima ikimpigia makofi. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona Karani akiinamisha uso.

Watu walilicheka sharti lile, na wageni waliliona wazimu. Sisi tuliokuwapo siku lilipozaliwa hatukulicheka sana. Ngoja niwaeleze lilikotoka, maana wengi wenu mmelisikia kwa vipande vipande, na vipande vingine ni vya uongo.

Nyuma ya Msambweni palikuwa na mzee mmoja mwenye shamba la minazi na mikorosho. Alikuwa na bunduki ya marisaa, ile inayotawanya vigololi vya risasi, nayo alikuwa na leseni yake halali. Aliwapigia nguruwe na nyani, na wezi wa nazi aliwapigia hewani, ingawa wezi wenyewe wanasema hewa hiyo ilikuwa ya chini sana. Mzee akafa. Sisi wa Kwale tunaujua ugomvi unaofuata bila kuelezwa. Kwa mila ya wazee wetu, mali ya mtu humwendea mpwa wake, mtoto wa dada yake. Kwa sheria ya dini, huwaendea wanawe wa kuzaa. Shamba liligawanywa na kadhi bila makelele. Iliyoleta balaa ni bunduki, kwa sababu wanawe waliitaka kama heshima ya baba, na mpwa aliitaka kama heshima ya mjomba. Matanga hayajaanuliwa, walikatana mapanga uani, mbele ya wanawake waliokuwa wanapepeta mchele. Mtoto mmoja wa marehemu alipoteza sikio. Mpwa alikatwa begani akakimbilia Malindi, na wana wa marehemu wakaapa kwamba wakimwona watamzika kando ya mjomba wake.

Katika vurugu ile bunduki ilitoweka. Aliyeichukua ni dada wa marehemu, mama yake huyo mpwa, mwanamke wa makamo ya juu, mstaarabu, mshonaji mikeka hodari. Aliona mwanawe amefukuzwa, amejeruhiwa, na haki yake inataka kuliwa. Basi akaiviringisha bunduki ndani ya mkeka mpya wa rangi, akaushona kwa shazia kuanzia juu hadi chini, akaingia nao mjini. Jambo moja hakulijua. Kaka yake alikuwa haiweki bunduki tupu hata siku moja. Alikuwa akisema bunduki tupu ni fimbo ghali.

Mazungumzo ya kaunta nimehadithiwa na hamali wa ofisi ile, mtu mzima wa Kinango, baba wa watoto, ambaye Karani alimtukana na kumpiga makofi kila siku ya Mungu. "Shikamoo, Bi," Karani alisema. "Marahaba, mwanangu." "Umetuletea nini leo?" "Mkeka wa harusi. Mwanangu anaoa huko Malindi." Karani akasimama kwa adabu, akaupokea kwa mikono miwili, akawaombea maharusi kheri na uzazi. Mnajua kwetu mkeka wa bibi harusi ukishashonwa haufumuliwi na mtu baki; atakayeufumua ni bwana harusi na mkewe, na mwingine akitia mkono anawaharibia nyumba yao. Askari wa vizuizi vya barabarani wenyewe, wakiwa wenyeji, huupitisha. Hamali alipoupokea alisema, "Mbona mzito hivi?" Lilikuwa swali la mtu mwenye akili. Karani akamgeukia: "Punda wewe! Unamuuliza bibi harusi uzito? Weka pale, funga domo lako!" Hamali akafunga domo lake, akausimamisha mkeka pembeni, juu ya gunia la nazi. Nazi zikateleza. Mkeka ukaanguka na kupiga saruji.

Nilikuwa ng'ambo ya barabara, mezani hotelini, na mahamri yangu. Niliposikia mlio, nilidhani ni tairi la lori limepasuka. Kisha moshi ukatoka mlangoni, na nyuma ya moshi akatoka hamali, macho yamemtoka, ameushika ule mkeka unaofuka, mtutu umechomoza mbele. Aliuokota kwa kuchanganyikiwa tu, kama mtu anavyookota kitu kilichomponyoka. Lakini Ukunda haikuona mtu aliyechanganyikiwa. Iliona mtu mwenye bunduki. "Gaidi! Gaidi! Shika!" Waendesha bodaboda waliruka kutoka kwenye pikipiki zao. Jiwe la kwanza lilimpata shingoni. Alipoanguka walimshukia kwa nondo, kwa mateke, kwa viti vya hoteli yetu, na mtu mmoja akaja anabingirisha tairi. Nami niwaambie ukweli wa mambo haya, kwa sababu magazeti huyapamba: mtu akipigwa na umati hapigi kelele za maneno. Anatoa sauti ya ng'ombe. Petroli walikwisha mmwagia.

Hapo ndipo Karani alipotoka. Mkono wa kushoto ulikuwa unaning'inia kwa ngozi, ameubana kwa shuka, na suruali yake imelowa damu na maji ya nazi zilizopasuliwa na marisaa. Hakukimbia, hakuweza. Alipita katikati ya watu kwa kuwasukuma kwa bega, akafika, akamwangukia hamali wake na kumlalia, kifua kwa kifua, akamkumbatia kwa ule mkono uliobaki. "Mimi ndiye niliyeupokea!" alipiga kelele. "Mzigo ni wangu! Mnataka kuchoma? Nichomeni mimi niliyeupokea!" Mtu mmoja akamwambia, "Mzee, toka hapo, utaungua na wewe!" Mwingine alimpiga nondo ya mdomo, meno ya mbele yakaenda. Karani akatema damu, akainua uso, akaanza kutukana. Alimtukana mwenye kiberiti, akawatukana wenye mawe, akawaita wanahizaya mmoja mmoja, na wale aliowajua akawatajia na mama zao. "Washa basi! Washa, tukuone!" Na hayo matusi, wasomaji wangu, ndiyo yaliyomwokoa. Hakukuwa na mtu Ukunda ambaye hajawahi kutukanwa na sauti ile. Pale uso haukutambulika tena kwa damu, lakini sauti waliijua. Nikasikia mtu anasema, "Jamani, huyu si Karani?" Mwenye kiberiti akakishusha. Umati ukalegea, kila mtu akaanza kujifanya ametoka dukani kununua mkate, na polisi wakafika wakiwa wamechelewa kama kawaida yao.

Mkono haukuunganika. Hamali alilala hospitali mbavu zimevunjika, akapona akarudi kazini, na Karani akaendelea kumwita punda. Kumpiga tu ndiko alikoacha. Wengine walisema ni kwa sababu mkono umebaki mmoja, nami namjua mtu huyo, angeweza kupiga hata kwa kichwa.

Polisi wakauliza bunduki ni ya nani, na hapa ndipo ninapokasirika hadi leo. Wana wa yule mzee waliokatana mapanga kwa ajili yake walisema hawaijui. Mpwa aliyemwaga damu ya begani kwa ajili yake alituma ujumbe kwamba hajawahi kuitaka. Bunduki iliyokuwa na warithi wengi kupita kiasi ikawa haina mrithi hata mmoja. Akabaki mama wa watu, mshonaji mikeka, akapanda kizimbani peke yake, akasema ni yeye. Alifungwa, akatoka amezeeka. Alikwenda kwa Karani kumwomba radhi, akakaa barazani kwake tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Karani alikaa ndani na hakutoka. Sitamfanya mtakatifu kwa kuwa amekufa: hakumsamehe yule mama, na yeye mwenyewe aliniambia kwamba hatamsamehe. "Niliomba dua kwa ajili ya harusi yake," alisema. "Angenidanganya chochote, wallahi, asingenidanganya harusi."

Kisa kile kilinifanya nimwendee wakili mmoja ninayefahamiana naye nikamuuliza sheria inasemaje. Aliyonieleza si magumu. Leseni ya bunduki ni ya mtu, si ya bunduki, na mtu akifa, leseni imekufa naye. Hairithiwi na mwana wala mpwa, wala kadhi hawezi kuigawa. Wafiwa wanatakiwa kuipeleka bunduki kituo cha polisi, na anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe, achunguzwe yeye mwenyewe. Bunduki haitiwi posta, haipakiwi kwenye basi kama gunia la muhogo, wala haikabidhiwi dereva. Mwenye leseni huichukua mwenyewe, ikiwa tupu, risasi zake kando, karatasi zake mfukoni; au huipitisha kwa mwenye duka la silaha aliyeruhusiwa na serikali. Ikiwa inavuka mpaka, vibali vya kutoka na kuingia hupatikana kabla haijaondoka. Kutoka kwa yule mzee hadi kituo cha Msambweni ni mwendo wa kutembea huku unazungumza. Sikio, bega, mkono, meno na mbavu, vyote vilipotea kwa kuukwepa mwendo huo.

Karani hakuijua sheria hiyo hata kidogo. Yeye alikuwa na kigutu chake tu. Miaka kadhaa baadaye alifika bwana mmoja mwenye nyumba ya ufuoni Diani, na sanduku refu jeusi lenye kufuli. Nilikuwa kwenye foleni. Alisema waziwazi kwamba ndani ni bunduki yake ya kulenga shabaha, inakwenda kwa fundi Nairobi, na leseni hii hapa, kila kitu halali. Karani alipauka midomo. Akachukua rungu lake. "Ikumbatie," akasema. "Upande wa mdomo uweke hapa, chini ya kidevu." Yule bwana akacheka. "Haina kitu ndani, mzee. Nimeitoa risasi mwenyewe." "Basi ikumbatie." "Unajua unazungumza na nani?" "Nazungumza na mtu anayeliogopa sanduku lake, anataka hamali wangu alibebe." Bwana akamsukuma kifuani. Karani akamrudishia kwa kigutu, pa, katikati ya uso. Pua ikavunjika, shati jeupe likawa jekundu, na yule hamali, aliyekuwa na kila sababu ya kuogopa damu, ndiye aliyewaamua. Karani alilala korokoroni usiku ule. Sheria ilikuwa upande wake kwa kuukataa mzigo, na ilikuwa upande wa yule bwana kuhusu pua yake. Alipotoka nilimwambia angesema tu hairuhusiwi. Akanitazama kama mimi ndiye mwendawazimu. "Hairuhusiwi hawaisikii," akasema. "Kifua chao wanakisikia."

Nimekuwa nikilifikiria neno lile tangu nilipopata habari za msiba. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna wakati ambao msemo huo umekuwa kweli kama sasa. Tunatumiana vitu vinavyoua tukiwa tumekaa. Mtu anarekodi sauti ya chuki kwenye simu yake, anaituma, anazima taa, analala. Asubuhi nyumba ya jirani imechomwa, naye ni wa kwanza kutoa pole. Mwanasiasa anawapa vijana wa watu mapanga mapya pamoja na fulana, kisha anarudi kwenye gari lenye vioo vyeusi. Baba anamshonea mwanawe kisasi cha tangu enzi za babu, anakipamba kwa rangi za heshima na ukoo, na kijana anakipokea kwa mikono miwili na dua. Na umati ule wa Ukunda, je? Kila mmoja alirusha jiwe lake na kuondoka, akiamini jiwe la kuua lilikuwa la mwenzake. Ofisi mpya za mizigo zilizofunguliwa pale mjini zina mashine na vipimo, wafanyakazi wake wana sare na adabu, nami sina ugomvi nazo. Wateja walihamia huko, na ofisi ya mabati ilikuwa imekwisha kufungwa Karani alipoanza kuugua. Lakini hakuna mashine iliyowahi kumuuliza mtumaji kama yuko tayari kukisimamia anachokituma.

Tulimzika baada ya adhuhuri, kwao, karibu na barabara ya kwenda Funzi. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotazamia, wengi wao watu aliowatukana. Tulipofika kaburini, wanawe wawili waliteremka kumpokea, kama desturi inavyotaka. Sheikh akasema ateremke na mtu wa tatu, maana marehemu alikuwa mtu mnene enzi zake. Kabla jamaa hawajatazamana, hamali alikuwa amekwisha vua viatu. Sasa ni mzee, kiuno kimepinda, ndevu zote nyeupe. Mjomba mmoja wa marehemu akanyoosha mkono kumzuia, akamwambia kwa upole, "Ndugu yangu, hapa ni pa jamaa." Hamali akamjibu, "Naujua mzigo huu. Nitaupokea mimi." Mjomba akarudisha mkono wake. Akateremka, akasimama katikati, mikono juu. Maiti ilipoteremshwa, wale wanawe walishika kichwani na miguuni, na yeye akampokea kiwiliwili. Hakumlaza mara moja. Alimbana kifuani, na sanda ikajaa jasho lake, akasimama hivyo mpaka sheikh akakohoa. Ndipo akamlaza, akamgeuza taratibu kuelekea kibla.

Alipopanda juu nilimpa mkono kumvuta. Alikuwa na udongo kifuani, hakuufuta. Nikamuuliza kama amechoka. "Amekuwa mwepesi," akaniambia. "Siku ile alikuwa mzito sana. Nilidhani ataniua yeye kabla ya wale." Kisha akalia, kwa sauti, mbele ya watu, mzee mzima, nami nikalia pamoja naye.

Basi nina usia mmoja tu kutoka kaburi lile, na si wangu, ni wa Karani. Lolote unalotaka kulitia mikononi mwa mwenzio, liwe bunduki, neno, kisasi au amri, libane kwanza kifuani pako mwenyewe, mdomo wake ukielekea kwako, na mtu aligonge kwa nje. Ukifumba macho, rudi nalo kwenu.